Fundi Makwega na Taa ya Nsunga

Nchi yetu ina jina zuri, ila kwa sasa jina hilo limepelekwa matengenezo. Kamati inayolitengeneza imetuomba tuwe na subira, na subira tunayo. Kama ingekuwa inauzwa nje, tungekuwa matajiri. Kwa hiyo nitasema tu "nchi yetu", na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Akihisi kwamba ameiona mahali, amekosea, na namwomba asiseme kwa sauti.

Katika nchi yetu uhuru wa maoni unalindwa na katiba, tena unalindwa sana, kiasi kwamba si kila mtu anaruhusiwa kuugusa. Zamani kila mmoja alikuwa na maoni yake nyumbani, ikawa vurugu tupu. Huyu anasema hivi, yule anasema vile, Serikali haijui imsikilize nani na imkamate nani. Ndipo tukaamua kufuata desturi yetu ya masufuria. Kila mtaa wetu una mtu mmoja anayetunza yale masufuria makubwa ya shughuli. Ukipata harusi au msiba unakwenda kuazima, unapika, unasugua masizi, unarudisha. Hakuna mwenye akili timamu anayenunua sufuria la pilau ya watu mia tatu akaliweka uvunguni kusubiri binti akue.

Basi na maoni tukayafanya hivyo hivyo. Kila mji ukachagua mtu wa kuyatunza, akaitwa Mwenye Maoni, na anayehitaji huenda kuazima kwake. Serikali nayo ikitaka kujua mji unasemaje, haihangaiki nyumba kwa nyumba. Inamuuliza yeye, inashukuru, inaondoka.

Mwenye Maoni wa mji wetu wa Kiwambo, kwa upande wa teknolojia, alikuwa shemeji yangu, Fundi Makwega, kaka wa tumbo moja wa mke wangu. Naandika haya nikiwa sina kinyongo na Serikali. Kinyongo nilicho nacho ni cha kifamilia.

* * *

Makwega alikuwa fundi umeme wa magari. Gereji yake ilikuwa nyuma ya soko, na kiti chake cha maoni kilikuwa tairi la lori lililolazwa chini. Ungemkuta ameketi hapo, bisibisi sikioni, akigawa maoni kama mtu anavyogawa karanga. Kuhusu simu za mkononi, alisema zinakwisha chaji haraka kwa sababu ya umbea. Kuhusu satelaiti, alisema ziko chini sana kuliko tunavyoambiwa, ila hakuna mtu aliyewahi kujaribu ngazi ndefu. Kuhusu mashine za kuhesabia kura, alisema hana la kusema, na maoni hayo ndiyo yaliyoazimwa kuliko yote.

Lakini umaarufu wake hasa ulitokana na taa.

Magari yetu huja yakiwa yamekwisha kutumika na mataifa mawili matatu kabla yetu, na ndani yana kompyuta. Kompyuta hiyo ikiona kasoro, iwe kwenye injini, iwe kwenye breki, huwasha taa mbele ya dereva. Taa hiyo ilikuwa ikiwanyima watu usingizi. Mafundi wengine walikuwa wakitafuta kasoro. Makwega alitafuta taa.

Kwa magari ya zamani kidogo alikuwa akipenyeza mkono nyuma ya dashibodi, anakata waya, anaufunga kwa utepe mweusi. Kwa haya ya kisasa alikuwa na mashine ndogo ya kusomea gari. Aliichomeka chini ya usukani, ikamwonyesha gari linalalamika nini, naye akabonyeza mara mbili tatu mpaka gari likakubali kwamba halilalamiki.

"Gari la zamani liliumwa kimya na likafa kimya," aliniambia siku aliyoishughulikia pikapu yangu ninayobebea viazi. "Haya ya siku hizi yamewekewa mdomo. Mimi sitengenezi gari, Baba Siwema. Nalifundisha adabu."

Nilirudi nyumbani siku ile naendesha huku naimba. Na si mimi peke yangu. Mwalimu Ngadu, mkuu wa shule yetu, alikuja na gari lililowaka taa tano, akaondoka na dashibodi safi kama sahani iliyooshwa, akasimulia shule nzima. Watu walitoka miji mingine na magari yanayotoa moshi mweusi, wakarudi kwao na moshi ule ule lakini na mioyo myepesi. Tulimpenda Makwega kwa sababu alikuwa akitutoa hofu, na hofu, ukweli usemwe, ilikuwa ndiyo shida yetu kubwa.

Kuna jambo moja dogo tu ambalo sikulielewa wakati ule. Yeye mwenyewe alikuwa na kigari kidogo cha kijivu, na katika kigari kile taa zote zilikuwa zikifanya kazi. Ikiwaka mojawapo, Makwega alifungua boneti, akainama humo kutwa nzima, akaitafuta kasoro mpaka akaipata, akaitengeneza kweli kweli. Nilimuuliza kwa nini asiizime tu kama anavyotuzimia sisi. Akacheka, akasema lile ni la kusafiria. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini huyu alijiganga vizuri mno. Nikadhani ni unyenyekevu, kwamba hataki kujipendelea kwa kujipa huduma yake bora.

* * *

Kisha Serikali ikaamua kwamba tutaingia katika enzi ya atomi.

Habari hiyo ilitangazwa na Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Chambuso, Waziri wa Teknolojia na Mambo Yanayofanana Nayo, wakati umeme umekatika, kwa hiyo wengi tuliipata kesho yake. Alisema kwamba mataifa yaliyoendelea yana vinu vya nyuklia, sisi hatuna, na hiyo ndiyo sababu hatujaendelea. Alisema kinu chetu kitatoa umeme mwingi hata tutalazimika kuacha taa ziwake mchana ili kuumaliza. Kilikuwa kinu kilichotumika kidogo tu. Muuzaji alihakikisha kwamba mwenye kinu wa awali alikuwa nchi moja yenye umri mkubwa, yenye tabia njema, iliyokuwa ikikiwasha Jumapili na sikukuu.

Mahali palipochaguliwa ni kilima cha Nsunga. Kilima cha Nsunga kiko juu ya Kiwambo kama dari lilivyo juu ya kitanda.

Hapo mji mzima ukaenda gerejini kuazima maoni. Sijapata kuona umati ule tena. Wanawake waliacha vyungu motoni, Mwalimu Ngadu akafunga shule. Makwega alituangalia kutoka juu ya tairi lake, akavuta pumzi, akatoa bisibisi sikioni. Alichosema nakikumbuka neno kwa neno, kwa sababu tulikitumia sana baadaye.

"Gari likikushinda, unashuka," alisema. "Kile kitu kikikushinda, unashukia wapi?"

Maoni yalikuwa hayo, na yalikuwa imara. Tukayachukua. Watoto waliyaimba wakiruka kamba, akina mama waliyatamka kisimani. Maofisa walipokuja na kanga na kofia, tulivaa kanga na kofia, tukawauliza mtu anashukia wapi. Walirudi mji mkuu wakiwa wamekasirika kwa sababu swali hilo halikuwa kwenye majibu waliyopewa.

Baba mmoja mwenye wasiwasi alimuuliza Makwega mbele ya watu kama na yeye hatabadilika siku moja. Makwega aliinuka. Alisema kwa sauti nzito kwamba siku watakayosikia Makwega amekubali kinu, wajue Makwega hayupo Kiwambo. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Hatukumsikiliza vizuri, hilo ndilo kosa letu. Alikuwa akitupa taarifa kamili.

* * *

Sasa nimseme binti yangu Siwema, maana kwangu mimi jambo lote hili ni yeye.

Siwema ndiye mtoto tuliyejaliwa, hakuna mwingine. Alimaliza chuo cha ufundi, na wakati anatafuta kazi kinu kilikuwa kinajengwa, kwa sababu katika nchi yetu ujenzi hausubiri maoni. Maoni yanahitajika kwenye kuwasha tu. Wakatangaza nafasi ya mtazama taa. Ndani ya kinu kuna chumba chenye ukuta mzima wa taa ndogo ndogo, na mtazama taa huketi mbele yake na kuutazama. Ikiwaka nyekundu, anasema.

Mama yake hakutaka. Mimi nilisitasita. Aliyetutoa wasiwasi ni Makwega. Kwetu mjomba ni mama. Yeye ndiye aliyempokea Siwema hospitalini siku nimesafiri, yeye ndiye aliyemfundisha kushika waya kabla hajajua kushika mwiko. Alikuja nyumbani, akala, akajinyoosha mkekani, akasema maadamu yeye ndiye Mwenye Maoni, kinu kile hakitawashwa milele. Mtoto na akale mshahara mzima kwa kutazama ukuta. Hakuna kazi salama kama hiyo, alisema, tena yuko kwenye feni.

Nikamkubalia. Ningefanyaje? Ukimkatalia mtu kama yule, utamwamini nani?

* * *

Siku moja, kinu kikiwa kimekamilika lakini bado hakijawashwa, taa moja kwenye ukuta wa Siwema ikawaka nyekundu. Siwema akasema, kama alivyoajiriwa kusema. Wataalamu wa kigeni waliokuja kukifunga kinu wakaitazama, wakashauriana kwa lugha yao, wakavua kofia. Wakamwambia Waziri kwamba kisiwashwe mpaka wakifungue chote na kujua taa ile inalalamikia nini, na kwamba kazi hiyo itachukua miaka.

Waziri alikasirika sana, maana tarehe ya ufunguzi ilikwisha kuchapwa kwenye kanga. Akawarudisha wataalamu kwao kwa kukosa uzalendo wa nchi isiyo yao. Kisha akaja Kiwambo mwenyewe kutafuta maoni.

Alikuja na gari jeusi, refu, zito, ambalo nalo lilikuwa na taa nyekundu. Dereva wake alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha mkononi ili Mheshimiwa asiione, lakini Mheshimiwa alijua iko chini ya kitambaa na ilimkera. Alikuwa amewaambia mafundi wa Serikali waitoe, nao wakamwambia injini ina ugonjwa, akawafukuza. Walipofika gerejini, kabla ya hotuba, dereva akamwomba Makwega aitazame kidogo.

Nilikuwepo, nimeleta viazi vya mke wa Makwega. Makwega alichomeka mashine yake, akaisoma, uso ukamkunjamana kidogo halafu ukakunjuka tena, akabonyeza. Soda ya Waziri haijafika nusu, taa imezima. Waziri akainama akaitazama dashibodi yake. Aliitazama muda mrefu, kwa upendo, kama mtu aliyerudishiwa nchi yake. Kisha akainua kichwa taratibu.

"Fundi," alisema, "wewe unazima taa za magari tu?"

Makwega akafuta mikono kwenye suruali. Akanitupia jicho, akalirudisha.

"Mheshimiwa," alisema, "taa ni taa."

* * *

Kwamba Kiwambo tumekubali kinu, tulisikia redioni kama watu wengine.

Tulikuwa tunakula. Mtangazaji alisema kwamba baada ya majadiliano marefu na ya uwazi, wananchi wa Kiwambo wameridhia kwa kauli moja, na kauli hiyo imetolewa na Fundi Makwega, ambaye kuanzia leo ni Mkurugenzi Mkuu wa Utulivu wa Taa. Mke wangu aliweka tonge chini. Alilitazama lile tonge kana kwamba ndilo lililotangaza.

Tukatoka mbio kwenda gerejini, na mji wote ulikuwa njiani. Tulikuta tairi limeondolewa na mlinzi amewekwa. Mwalimu Ngadu akamwambia mlinzi kwa adabu kwamba tumekuja kuchukua maoni yetu. Mlinzi akajibu kwamba maoni yako kwa matumizi ya kiserikali na hayaazimishwi. Tukarudi. Sufuria letu limeazimwa, tena limepikiwa sisi wenyewe, na sisi tumesimama nje tunasikia harufu.

Nataka niseme wazi. Iliniuma. Waziri kusema uongo hakukuniuma, maana hiyo ni kazi yake na analipwa. Lakini yule alikula kwangu. Alilala mkekani kwangu akaniapia.

Alikuja siku chache baadaye, amevaa suti, na mikono misafi kiasi kwamba sikuitambua. Akakaa kwenye kiti badala ya mkeka. Akaeleza kwamba maoni, kama mashine yoyote, lazima yaboreshwe. Akasema atomi ni gari tu, tofauti ni matairi. Akasema watu wanaogopa nyuklia kwa sababu wamezoea kuni. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia jikoni akamwaga chai aliyokuwa ameipika. Siwema alikuwa kazini. Makwega aliuliza mara mbili kama Siwema yuko kazini, na mara zote mbili alionekana kupata nafuu.

* * *

Taa ya Nsunga ilizimwa hadharani. Siwema alitusimulia. Makwega aliingia nyuma ya ukuta na mashine yake ya kusomea, akakaa humo, akatoka ametokwa jasho. Ukuta ulikuwa mweusi wote. Maofisa wakapiga makofi, na Waziri akatoa hotuba iliyorudiwa redioni mpaka tukaijua.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "mataifa mengine yamehangaika na chanzo cha tatizo kwa miaka mingi, na chanzo kimewashinda. Sisi hatukuzunguka. Sisi tumekwenda moja kwa moja kwenye taa."

Siwema akapewa cheo kipya. Badala ya kutazama taa kama zinawaka, akawa anathibitisha kwamba hazijawaka.

Asubuhi ya ufunguzi tulipangwa kando ya barabara ya kupanda Nsunga, tumevaa kanga zenye tarehe. Msafara ukaja. Ulipofika katikati ya mlima, gari jeusi la Waziri lilipiga chafya moja, likatoa sauti kama mtu anayesaga mawe, likasimama. Dereva alishuka, akapanda, akashuka. Maofisa wakachungulia dashibodi. Hakuna taa iliyowaka. Wakashauriana, wakafikia uamuzi kwamba, kwa mujibu wa dashibodi, gari ni zima na linatembea. Kwa hiyo Waziri alibaki ndani akipunga mkono dirishani, na vijana wa hamasa wakalisukuma kutoka nyuma mpaka juu, na redio ikasema msafara umepanda Nsunga kwa kasi ya ajabu.

Watu walicheka. Mimi nilianza kucheka, kisha nikaacha. Gari lile alilishika nani? Na ukuta wa Siwema umeshikwa na nani?

Kinu kikawashwa. Kilitoa mvumo wa chini, unaosikika zaidi kwa miguu kuliko kwa masikio. Mkurugenzi Mkuu wa Utulivu wa Taa hakuonekana jukwaani. Ilitangazwa kwamba yuko kazini.

* * *

Siwema alitoka zamu yake alasiri. Hakuvua viatu. Aliketi mlangoni, akatoa simu, akampigia mjomba wake, akaiweka kwa sauti ili wote tusikie.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?" Alikuwa garini. Nyuma ya sauti yake nilisikia watoto wake wakigombea dirisha, na mtu mzima akikohoa kikohozi ninachokijua.

"Nzuri. Mjomba, ile taa ilikuwa inasema nini?"

"Ipi?"

"Ile nyekundu. Ile mashine yako inasoma. Ilikuonyesha nini?"

Nikasikia kigari kile kinabadilisha gia, laini kabisa, gari zima lisilo na kasoro hata moja.

"Siwema," Makwega alisema, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya mkekani. "Ukirudi kazini, kaa karibu na mlango."

Kisha simu ikakatika.

Mke wangu ndiye aliyesema kwanza. "Kile kikohozi ni cha mama," alisema. Makwega alikuwa amemchukua mama yao siku iliyotangulia, akasema anampeleka kliniki ya macho. Mke wangu akamfungia hata na mihogo ya kula njiani. Kumbe alikuwa akihamisha. Alikuwa amemhamisha mama, mke, watoto, na kila alichokipenda kilichoingia ndani ya kigari. Siwema hakuingia. Labda alihesabu viti. Sijui. Nimejaribu sana kumtafutia sababu yule mtu, na kila nikiipata mojawapo hainitoshi. Alijua, na akamwachia mtoto wa dada yake ushauri wa mahali pa kukaa.

* * *

Maneno yale yalizunguka Kiwambo kabla jua halijainama. Jirani mmoja aliyasikia ukutani, akayabeba. Kaa karibu na mlango. Hakuna aliyekwenda kuazima maoni kwa mtu. Ilikuwa siku ya kwanza, tangu zamani zile, kila mtu katika mji wetu kuwa na maoni yake mwenyewe, na yote yalifanana. Watu walianza kufunga mizigo.

Nilipakia magodoro, sufuria, mashine ya kushonea ya mke wangu. Jirani na watoto wake wakapanda nyuma juu ya magodoro, Siwema na mama yake wakakaa mbele nami. Nikazungusha ufunguo. Dashibodi ilikuwa safi, hakuna hata nukta moja nyekundu, na kwa mara ya kwanza usafi ule ulinitisha. Pikapu ikawaka kwa tabu. Tukatoka na mji mzima, msururu mrefu kuliko ule wa Waziri, tukaelekea mwinuko wa kutokea Kiwambo, kwa sababu ukitaka kutoka Kiwambo lazima upande kwanza.

Lililotangulia kusimama lilikuwa gari la Mwalimu Ngadu. Kisha basi dogo la kwaya. Kisha mimi, pikapu ilikohoa, ikatetemeka, ikanyamaza chini yangu. Nyuma yangu yakasimama mengine na mengine, moja baada ya jingine, taratibu, kama watu wanaoketi wakianza kusoma dua. Punde mwinuko wote ulijaa maboneti yaliyofunguliwa, na chini ya kila boneti mtu ameinama akitafuta kitu ambacho hajui sura yake. Mwalimu Ngadu alikuwa bado ameketi ndani ya lake. Alikuwa akigonga dashibodi kwa kidole, polepole, kama anavyogonga ubao kumwamsha mwanafunzi.

"Lakini taa haikuwaka," alikuwa akisema. "Taa haikuwaka."

Wote tulikuwa wateja wa Makwega. Kila mmoja wetu, kwa wakati wake, alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, akamwomba azime. Alituzimia kwa upole, tukamshukuru, tukampa na kuku. Na barabara ile ile, jana yake, kigari cha kijivu kilipanda bila kukohoa.

Siwema alifungua mlango, akashuka. Akamshusha mama yake. Akawashusha watoto wa jirani kutoka juu ya magodoro, akambeba mdogo mgongoni, akaanza kutembea. Wengine wakamwona, wakaacha maboneti wazi, wakafuata. Tuliacha mashine ya kushonea. Tuliacha kila kitu. Mtu fulani alikuwa na redio ndogo mfukoni, na ilikuwa ikisema kwamba maelfu ya wananchi wa Kiwambo wamejitokeza barabarani kwa miguu kusherehekea enzi ya atomi.

Tulipofika juu ya mwinuko nilisimama kupumua. Nsunga ilionekana yote nyuma yetu, na kinu juu yake kimetulia, hakuna moshi, hakuna king'ora, dirisha la chumba cha taa likiwa jeusi. Nilimwangalia Siwema akikitazama. Ilikuwa ndiyo kazi aliyosomea.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

Aliangalia kwa makini, kama mtu anayeheshimu kazi yake. Kisha akamkaza mtoto vizuri mgongoni.

"Sioni kitu, Baba," alisema. "Tukaze mwendo."